Weka Pedi Chini: Mwongozo Kamili wa Kugeuza Gemu Kuwa Skripti ya Filamu

Rasimu zinazonifikia hufia karibu mahali pamoja. Ukurasa wa 30 stelingi bado anatafuta ufunguo. Ukurasa wa 60 kapata ufunguo wa tatu. Ukurasa wa 90 anapambana na bosi, yule adui mkubwa wa gemu, ambaye sijui wana ugomvi gani, na mwandishi ananiuliza kwa nini msomaji wake wa kwanza alisinzia wakati gemu lenyewe lilimfanya yeye akeshe hadi alfajiri.

Jibu langu halibadiliki: umeandika ulichokiona kwenye skrini, ukasahau kilichokuwa kinatokea mikononi mwako. Mwongozo huu unarekebisha hilo. Ukiufuata, utatoka na rasimu ya kwanza ya kurasa 95 hadi 110 inayosomeka na mtu ambaye hajawahi kushika pedi, yaani kile kidude cha mkononi cha kuchezea gemu.

## Vitu vya kuwa navyo

- Gemu lenyewe, umelimaliza mara mbili. Mara ya kwanza ukicheza mwenyewe, mara ya pili ukiwa umekaa pembeni mtu mwingine akicheza. Hiyo ya pili wengi huiruka, na ndiyo inayofundisha zaidi: utaijua dakika ambayo mtu asiye na pedi anaanza kupiga miayo.
- Daftari, na kadi tupu zisizopungua 60.
- Saa ya kupimia muda. Ya simu inatosha.
- Programu ya kuandikia skripti. Za bure zipo na zinatosha, mradi zinapanga kurasa kwa mtindo wa kawaida wa skripti.
- Watu wawili: shabiki sugu wa gemu hilo, na mtu asiyelijua hata jina. Waombe mapema, kazi yao iko hatua ya mwisho.

## Hatua ya 1: Jua haki ziko kwa nani

Hii naipitia haraka kwa sababu haina sanaa ndani yake, ila ukiiruka, kazi ya miezi inaweza kuishia kwenye droo.

Kwa jumla, hakimiliki hailindi wazo wala namna ya kucheza: kuruka majukwaa, kunyemelea walinzi, kupanga vipande vinavyodondoka. Inalinda namna wazo lilivyopewa umbo, yaani wahusika, sura zao, mazungumzo, michoro na muziki. Majina ya magemu, nayo, kwa kawaida yamesajiliwa kama alama za biashara. Produsa anayelitaka gemu kwa kawaida hulipia kwanza mkataba wa kushikilia haki kwa muda, mara nyingi mwaka mmoja au mwaka na nusu, kisha hulipa bei kamili filamu ikikaribia kupigwa.

Tahadhari. Kampuni ya gemu yenyewe huenda haimiliki kila kitu kilichomo. Wimbo unaolia ndani ya gari, nembo ya gari hilo, sura ya mwanamichezo: hivyo vinaweza kuwa vilikodishwa kwa ajili ya gemu tu. Usijenge tukio lako kuu juu ya kitu cha namna hiyo.

Kama huna haki, kuna njia mbili safi. Andika kama sampuli ya kuonyesha uwezo wako, bila kuiuza wala kuipiga. Au chukua hisia ya gemu, acha majina na sura zake, ujenge dunia yako mwenyewe. Mimi naipenda hii ya pili, na hatua zote zinazofuata zinafanya kazi vilevile. Ukifika mahali pa kusaini chochote, tafuta mwanasheria. Mwongozo huu hautoshi.

## Hatua ya 2: Tafuta kitenzi cha gemu

Hapa ndipo kazi inapopatikana au inapopotea, kwa hiyo tulia.

Acha gemu kwa siku mbili. Kisha lifungue, tega saa dakika 30, na kila dakika moja andika neno moja: mkono wako unafanya nini. Natembea. Nalenga. Najificha. Nahesabu risasi. Narudi nyuma. Utapata maneno 30. Zungushia duara lile ambalo ukilifanya unakaza taya. Mara nyingi silo lililojirudia zaidi. Kwenye gemu la vita unaweza kuwa ulilenga mara 20, lakini kilichokubana kifua ni kuhesabu risasi.

Sababu ya zoezi hili ni rahisi. Ukiwa na pedi, hofu inatokana na kujua kwamba kosa litakuwa lako. Mlango usipoufungua wewe, hakuna wa kuufungua. Mtazamaji wa filamu hana mzigo huo. Amekaa, na mlango utafunguka apende asipende. Picha ileile iliyokutoa jasho wewe inampita yeye kama upepo.

Waliojaribu kuirudisha picha bila mkono wapo. Filamu ya Doom ya mwaka 2005 ina kipande cha dakika kama tano kinachopigwa kwa jicho la mpiganaji, bunduki ikitangulia mbele kama kwenye gemu. Kipande kinasisimua kwa ufundi wake, lakini ni sawa na kumtazama rafiki akicheza huku akikunyima zamu. House of the Dead ya mwaka 2003 ilikwenda mbali zaidi, ikachomeka vipande vya gemu lenyewe katikati ya filamu. Anayetaka kuona namna ya kumkumbusha mtazamaji kwamba angekuwa na raha zaidi nyumbani kwake, aanzie pale.

Sasa chora safu tatu: mkono unafanya nini, moyo unahisi nini, na nini kitaleta hisia hiyo pedi ikiondoka. Nitatumia gemu la kubuni hadi mwisho wa mwongozo. Mwokoaji asiye na jina anashuka kwenye mgodi uliofurika. Ana taa moja, mafuta yanaisha, na mchezaji anaokota mafuta njiani.

*Mkono:* unazima taa na kutembea gizani ili kubana matumizi. *Moyo:* unaona uchungu kwa kila tone. *Bila pedi:* hapa waandishi wengi huandika "tunaona mafuta yanapungua". Haitoshi. Mafuta ya mtu mwingine hayaniumi. Lakini wape watu wawili taa moja, mmoja lazima asonge mbele nayo na mwingine abaki gizani akisubiri, na ghafla kila tone lina jina la mtu. Kilichokuwa akiba kimekuwa uhusiano. Badiliko hilo ndilo filamu yako.

Na kama gemu halina hadithi kabisa? Basi huenda filamu haimo ndani ya gemu. Tetris ya mwaka 2023 haikujaribu kuvipa vile vipande vinavyodondoka roho. Ilisimulia kinyang'anyiro cha haki za gemu hilo, mfanyabiashara wa magemu Henk Rogers akienda Moscow na kukutana na Alexey Pajitnov, aliyelibuni mwaka 1984. Na bado wasiwasi wa gemu umo: mambo yanadondoka kwa kasi, nafasi inazidi kuwa finyu.

Utajua umefaulu ukiweza kusema kitenzi na gharama yake kwa sentensi moja, bila kutaja silaha, ramani wala pointi. Yetu: *kuamua nani abaki gizani.*

## Hatua ya 3: Mpe stelingi mwili

Watazamaji wanajua sheria ya zamani: stelingi hafi. Kwenye gemu hufa mara 40 kwenye daraja lilelile, akainuka bila mkwaruzo, na hakuna anayeona ajabu. Hii ni kwa sababu stelingi wa gemu mara nyingi ni vazi lililotundikwa ili mchezaji alivae. Link wa The Legend of Zelda haongei, labda mguno. Gordon Freeman wa Half-Life haongei kabisa. Kwenye gemu ukimya huo ni nafasi ya kuingia wewe. Kwenye filamu ni mtu asiye na la kusema.

Una njia mbili.

Kumtumia mhusika aliyepo. Hapa utamwongezea anachotaka, anachoogopa, na kitu alichokifanya zamani ambacho hajakilipia. Angalia tu visigongane na kile ambacho mamilioni ya watu wamekaa naye saa nyingi wakiamini.

Kumleta mhusika mpya. Resident Evil ya mwaka 2002 ilifanya hivyo kwa Alice, ambaye hayumo kwenye magemu, na akabeba mfululizo mzima wa filamu. Mortal Kombat ya mwaka 2021 ilimleta Cole Young, na wachezaji wengi walilalamika, mimi nikiwamo. Tofauti iko wapi? Gemu la kupigana linauzwa kwa orodha ya wapiganaji, na kila mtu ana wake anayemchagua. Ukimweka mgeni mbele yao unampokonya mtazamaji chaguo lake mara ya pili. Tena filamu ile inahusu mashindano, na mashindano yenyewe hayafanyiki.

Kwa gemu ambalo mchezaji hujitengenezea mtu wake, mgeni ndiye jibu pekee la haki. Tamthilia ya Fallout ya mwaka 2024 iligawa kazi hiyo kwa watatu: Lucy anayetoka handakini akiamini wema, Maximus anayetaka cheo, na mzee aliyeishi miaka mingi mno asione tena sababu ya huruma. Ukilijua gemu unawatambua mara moja. Ndizo namna tatu za kulicheza, na huenda umeshazipitia zote.

Kuhusu kifo, amua mapema. Ama stelingi anakufa mara moja tu na inauma, ama kurudi kwake ndiyo hadithi. Until Dawn ya mwaka 2015 lilikuwa gemu la machaguo, kila uamuzi ukibadilisha nani anaona asubuhi. Filamu ya mwaka 2025 haikuweza kumpa mtazamaji machaguo, ikawafungia vijana katika usiku unaojirudia kila wanapokufa. Upende au usipende matokeo, swali waliloanza nalo lilikuwa sahihi.

Utajua umefaulu ukimweleza stelingi wako kwa dakika nzima bila kutaja mavazi, silaha au uwezo wake, na anayesikiliza akauliza, "Halafu?"

## Hatua ya 4: Kata bila huruma

Gemu la saa 20 lina dakika 1,200. Wewe una 110 hivi. Katika kila dakika 11, kumi zinaondoka.

Andika kila misheni kwenye kadi yake. Upande wa pili jibu swali moja: baada ya hapa, nini hakiwezi kurudi kama kilivyokuwa? Jibu likiwa "amepata ufunguo" au "amefika ghorofa ya pili", kadi inatoka. Likiwa "amemdanganya mtu anayemwamini", inabaki. Nilipofanya hivi kwa mara ya kwanza, kadi 58 zilibaki 11, nikakaa nazitazama kama mtu aliyefulia shati likabaki kola. Rasimu yangu ya kabla ya hapo ilikuwa na kurasa 163, na hakuna aliyeimaliza.

Tahadhari kuhusu vipande vya kutazama, yaani pale pedi inapokufa na unaangalia tu. Inashawishi kuvikusanya, kuvishona, na kusema filamu iko tayari. Usifanye hivyo. Viliandikwa kuwa pumziko baina ya kazi ya mikono. Ukivipanga mfululizo unapata watu wanaoelezana mambo kwa saa mbili.

Ukimaliza kukata, angalia kilichobaki kimekaa kwa uzani gani. Assassin's Creed ya mwaka 2016 inakaa muda mwingi zama za sasa, kwenye jengo lenye mashine, wakati wachezaji walilipenda gemu kwa kutembea zama za kale. Hakuna aliyeandika "tupunguze kinachopendwa". Ilitokea kwa sababu sehemu ya sasa ndiyo yenye maelezo mengi, na maelezo hula kurasa.

Baada ya kukata, ongeza kimoja ambacho gemu halikuweza. Mchezaji amefungwa kwenye viatu vya mtu mmoja, kamera haijafungwa. Kwenye gemu la The Last of Us la mwaka 2013, tunamkuta Bill akiwa peke yake, na Frank tunamwona akiwa tayari amekufa, ameacha barua yenye uchungu. Kipindi cha tatu cha tamthilia ya mwaka 2023 kilimwacha stelingi kando kwa sehemu kubwa, kikaenda kuishi na wawili hao miaka yao yote ya mapenzi. Kwenye gemu hilo lisingewezekana, kwa kuwa Joel, stelingi huyo, hakuwepo. Tafuta chumba kama hicho kwenye gemu lako, mahali ambapo mchezaji alikuta mabaki tu ya maisha ya watu.

Kwetu mgodini, mchezaji anakuta viatu vya mtoto kwenye kingo za maji. Gemu halisemi neno. Kadi yangu mpya ya kwanza ni hiyo.

## Hatua ya 5: Sheria za dunia, tatu tu

Mchezaji hujifunza sheria kwa kukosea. Anagusa maji mekundu, anakufa, hagusi tena. Mtazamaji hawezi kukosea, hivyo mwandishi hukimbilia sauti ya mzee inayosimulia vita vya miaka elfu. Ifute.

Chagua sheria tatu ambazo bila hizo mwisho haueleweki, na kila moja ionyeshwe kwa mtu kupoteza kitu. Nyingine zote acha zikae nyuma kama fanicha.

Na sheria ikiisumbua kamera, ibadilishe. Kwenye gemu la The Last of Us maambukizi husambaa pia kwa vumbi la kuvu hewani, na watu huvaa barakoa. Tamthilia ya mwaka 2023 iliweka nyuzi zinazotambaa badala yake. Barakoa inaficha uso, na kwenye filamu uso ndio unaofanya kazi ambayo pedi ilikuwa inafanya.

## Hatua ya 6: Weka alama za kutoguswa

Mwite yule shabiki sugu. Mwambie ataje vitu ambavyo vikikosekana atatoka ukumbini. Utashangaa: mara chache atataja hadithi. Atataja sauti ya sarafu, rangi ya koti, namna mhusika anavyosimama.

Mwaka 2019, mwezi Aprili, trela ya kwanza ya Sonic the Hedgehog ilitoka na kiumbe mwenye meno ya binadamu na vijicho vidogo. Watu walipiga kelele, ndani ya siku chache mwongozaji Jeff Fowler akaahidi sura mpya, na filamu ikasogezwa kutoka Novemba 2019 hadi Februari 2020. Ilipotoka ilifanya vizuri na ikazaa nyingine. Hadithi haikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa macho.

Super Mario Bros. ya mwaka 1993 iligeuza dunia yenye rangi za peremende kuwa jiji la giza lenye mitambo, na ikaanguka. Ile ya katuni ya mwaka 2023 ilirudisha rangi, sauti na muziki, ikaingiza zaidi ya dola bilioni 1.3. Sisemi kwamba ya pili ina skripti ya maana. Hadithi yake ni nyepesi kama puto. Nasema tu kwamba aliyeingia alikikuta alichokifuata.

Ukiwa na bajeti ndogo, anza na sauti. Silent Hill ya mwaka 2006 ilitumia muziki wa Akira Yamaoka, mtunzi wa magemu yenyewe, na kwa aliyewahi kucheza, nywele zinasimama kabla hajaona kitu.

Tahadhari. Kidokezo cha kumfurahisha shabiki kisisimamishe mazungumzo. Mgeni akihisi kuna mzaha ambao hakualikwa, umempoteza.

## Hatua ya 7: Andika

Sasa fungua programu. Ukurasa mmoja ni takriban dakika moja. Andika kwa wakati uliopo, kinachoonekana na kinachosikika tu.

Mambo mawili ya kuangalia zaidi kwa aliyetoka kwenye gemu:

Mapigano. Kwenye gemu pambano la dakika 12 ni tamu kwa sababu unajifunza mwendo wa adui. Kwenye skripti lisizidi kurasa tatu, na katikati yake mtu abadili nia, aumie pabaya au agundue jambo. Bosi wa mwisho si lazima awe mkubwa kuliko waliotangulia. Awe yule ambaye stelingi angependa asipigane naye.

Mazungumzo ya maelekezo. "Lazima tutafute njia nyingine!" "Mlango umefungwa kwa ndani!" Hayo yaliandikwa kumwelekeza mwenye pedi. Tafuta kila mstari wa namna hiyo na uufute. Tukio halianguki, nimejaribu mara nyingi.

## Hatua ya 8: Jaribu kwa watu wawili

Mpe mgeni, yule asiyelijua gemu, asome kwanza, ukiwa haupo chumbani. Mwombe aweke nukta pembeni kila anapotaka kuangalia simu. Kisha muulize: stelingi alitaka nini, na ilimgharimu nini? Usimsaidie. Akianza kukusimulia ramani, rudi hatua ya 2.

Shabiki asome baadaye. Yeye muulize jambo moja tu: ni wapi mikono yake ilitaka pedi? Mahali hapo ndipo kitenzi chako kinapofanya kazi. Kama hakuna hata mahali pamoja, una hadithi nzuri huenda, lakini siyo ya gemu hili.

## Dalili na mahali pa kurudi

- Mgeni anachanganya majina: sheria na makabila yamezidi. Hatua ya 5.
- Nukta nyingi kati ya ukurasa wa 40 na 70: kadi za ufunguo zimerudi kwa mlango wa nyuma. Hatua ya 4.
- Shabiki kakasirika, mgeni kafurahi: umegusa alama. Hatua ya 6, na mara nyingi ni kazi ya siku moja.
- Shabiki kafurahi, mgeni haelewi: hii ndiyo ngumu, kwa sababu sifa za shabiki zitakulevya. Hatua ya 3.
- Wote wawili wanasema "ni nzuri" na hawana la kuongeza: mpe skripti mtu wa tatu, asiyekupenda sana.